Mto wa Keria

Aliitambua baiskeli kabla ya kumtambua mwenyewe.

Spoku alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaunta akitafuta skrubu iliyomponyoka, ndipo alipousikia mlio wa gurudumu la nyuma likizunguka bure: tiki-tiki-tiki-tiki, mwembamba, wa haraka, kama mtu mwenye mengi ya kusema na pumzi hana. Baiskeli zilizopita katika duka lile hazina idadi, lakini mlio huo angeujua hata usingizini. Baiskeli hiyo aliiuza yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na aliyemuuzia ni mwanamume aliyetaka kumwoa.

Skrubu akaisahau. Akabaki kule chini.

"Hodi hapa!"

"Karibu!" Baba yake akaitika kutoka kibarazani, alikokuwa akiziba pancha. Halafu, "Ala! Vidonge! Hivi wewe bado upo?"

"Bado nipo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nilidhani umekwisha kumeza dawa zako mwenyewe. We Spoku! Njoo huku uone maajabu."

"Nipo huku chini, Baba."

"Chini unafanya nini?"

"Natafuta skrubu."

"Iache. Skrubu haina miguu, itakusubiri."

Basi, afanyeje? Akasimama. Akajipangusa magoti, akajipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akainua macho.

Alikuwa yule yule. Ndevu kaziacha kidogo, na utosini nywele zimeanza kuaga, lakini macho yalikuwa yale yale yanayotabasamu kabla ya mdomo. Nje kulikuwa na manyunyu. Alipogeuka kuiegemeza baiskeli ukutani, Spoku akauona mgongo wake: mstari mrefu wa tope, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola, kama mtu aliyechapwa kwa fimbo iliyochovywa matopeni. Baiskeli ile haikuwa na madigadi, wala haikutengenezwa kuvaa madigadi. Maji yote ya barabarani yalikuwa yanaishia mgongoni kwa mfamasia wa watu. Aibu ikampanda Spoku hadi masikioni.

"Habari za siku nyingi?" Vidonge akauliza.

"Nzuri."

"Nzuri za kweli, au nzuri za kumjibu mteja?"

"Wewe umekuja kama nani?"

Akacheka kidogo, akatazama chini. "Kama mteja."

"Basi nzuri za kumjibu mteja. Nikusaidie nini?"

Vidonge akalivua begi, akaliweka juu ya kaunta. Ndani ya begi, Spoku alijua, kulikuwa na koti jeupe la kazi lililokunjwa na kufungwa katika mfuko wa plastiki lisipate tope. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kulikunja vile.

"Nataka kubadilisha baiskeli. Nataka ya kila siku: ya kazini, ya sokoni, ya mvua na ya jua."

"Na hii imekukosea nini?"

"Hii haina kosa. Mimi ndiye mbovu. Shingo inauma, mgongo unauma. Nikifika kazini viganja vimekufa ganzi. Juzi nimedondosha chupa ya dawa ya kikohozi mbele ya foleni nzima, watu wakaanza kukohoa kwa hasira."

Spoku alitaka kucheka, na kicheko kikaja nusu, kikakwama njiani. Vidonge akazitazama baiskeli zilizopangwa dukani, halafu akamtazama yeye, akauliza swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale: "Sasa wewe mwenye kujua, niambie. Kwa mtu wa kawaida, wa kila siku, achukue chotara au ya mbio?"

Loo! Kuna maswali mtu akiulizwa mara ya pili, bora angepigwa kofi.

* * *

Mara ya kwanza alipouliza, hakuja peke yake. Alikuja na mama yake.

Siku hizo mapenzi yao yalikuwa ya kupikika na kupakulika. Mfamasia kijana alipitia dukani kila jioni, eti anakuja kujaza upepo. Baba akawa anasema, "Huyu tairi zake zina tundu au moyo wake ndio una tundu?" Jina la Vidonge alipewa na Baba. Na la Spoku pia alilitoa yeye, tangu binti yake alipokuwa mdogo, mwembamba, mrefu. Alikuwa akisema watu wanaitazama rimu inavyong'aa, hawajui kinachoishikilia ni spoku.

Baiskeli aliyokuja nayo jioni ilikuwa ya kuazima; kazini Vidonge alikuwa akienda kwa miguu, na alitaka ya kwake. Spoku akaziweka mbili sakafuni, bega kwa bega. Moja ilikuwa ile waliyoiita chotara, kwa kuwa imechukua wepesi wa baiskeli ya mbio na uvumilivu wa baiskeli ya sokoni: usukani ulionyooka, unakaa wima unawaona watu, tairi pana kiasi zinazosamehe mashimo, na kwenye fremu kuna matundu ya kufungia madigadi na keria ya kubebea mzigo au mtu nyuma. Ya pili ilikuwa ya mbio yenyewe, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba kama kidole, nyepesi mtoto anaweza kuinyanyua. Nzuri ya kutazama, haina nafasi ya kitu kingine chochote. Hata matundu ya skrubu za keria haina.

Mama mtu alikaa kwenye benchi, kikapu mapajani. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kushika pini mdomoni. Alisikiliza maelezo yote, mwisho akauliza jambo moja tu.

"Ipi ina keria?"

"Hii hapa, mama. Chotara inafungwa keria."

"Mm," akasema mama, na akakigusa kikapu.

Hapo ndipo Spoku alipouona. Kitambaa kilichofunika kikapu kilikuwa kimeteleza, na pembeni ukachungulia mto mdogo, mwekundu, ulioshonwa vizuri mno, wenye kamba nne kwenye pembe zake. Mtu mwingine angeona mto tu. Mtoto wa duka la baiskeli aliona kamba. Mto wa kamba nne hauwekwi kitandani wala kwenye kochi. Mto wa kamba nne unafungwa kwenye keria ili mtu akae nyuma asiumizwe na vyuma.

Kitu kikamchoma Spoku moyoni. Alikuwa na shangazi aliyerudi nyumbani na godoro kichwani, kafukuzwa na mama mkwe, na hadithi hiyo kwao ilisimuliwa kila mtu alipokaa kula. Akajiambia: hee! Sijaolewa bado, na kiti changu kimeshakaliwa! Mama wa watu kaja na mto wake kabisa! Nitakuwa natembea kwa miguu nyuma yao, mume wangu na mama yake wako mbele wanapepea?

Vidonge akauliza, "Sasa wewe mwenye kujua, nichukue ipi? Chotara au ya mbio?"

Kinyozi hajinyoi. Spoku aliyewachagulia nusu ya mji baiskeli zao, asimkosee hata mmoja, siku ile alijua jibu sahihi na akatoa jibu jingine.

"Ya mbio," akasema. Kisha akainama sikioni kwake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Utakuwa unafika kwangu upesi."

Kijana gani angebisha? Vidonge alicheka mpaka mafizi yakaonekana. Baba alitia neno kutoka kibarazani, "Mwanangu, baiskeli ya kila siku haichaguliwi kwa mbio," lakini nani alimsikiliza. Mama mtu akakifunika kikapu chake vizuri, akasimama, akasema, "Haya. Wenye haraka zenu kimbieni," akatoka.

Kuanzia siku hiyo mama akageuka baridi. Vidonge alipotaja posa, akajibiwa, "Yule msichana hapana." Kwa nini? "Hapana tu." Akabembeleza wiki baada ya wiki, na jibu likabaki lile. Jioni moja akaja kumweleza Spoku, wakasimama chini ya bati la kibaraza, na Spoku, badala ya kuuliza, akawaka.

"Nilijua tu! Amekosa kiti ndiyo maana!"

"Kiti gani?"

"Anakijua mwenyewe. Sikiliza, Vidonge. Mimi naolewa na mwanamume. Siolewi na mzigo wake."

"Mzigo?" Uso wa Vidonge ukabadilika. "Mama yangu ni mzigo?"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wa Spoku ulikuwa na mwiba. Vidonge alisimama akimsubiri alirudishe lile neno. Alimpa muda. Spoku akachukua kitambaa, akajifuta grisi vidoleni, kidole kwa kidole, anasubiri abembelezwe yeye. Vidonge akapanda baiskeli. Spoku alipofungua mdomo amwite, wapi! Baiskeli aliyomchagulia imfikishe kwake upesi ndiyo hiyo iliyomwondoa upesi. Alikuwa amekwisha kukata kona.

* * *

"Umenyamaza," Vidonge akasema.

"Chotara," akajibu Spoku. "Mtu wa kila siku achukue chotara."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Njoo nikupime."

Katika duka lile mteja hapewi baiskeli kwa kukadiriwa kwa macho. Anasimama mgongo ukutani, anabana kitabu katikati ya mapaja, na pale kitabu kinapogusa ukuta inapigwa alama ya penseli. Urefu huo ndio unaosema achukue fremu ipi na siti ikae wapi. Ukuta mzima ulikuwa umejaa alama za vipimo vya miguu ya watu, mpaka ulipopakwa rangi mpya.

Vidonge akasimama pale pale alipowahi kusimama zamani. Spoku akachuchumaa na penseli, uso umeinamishwa. Harufu ya dawa na sabuni ikamjia, ileile. Akapiga alama, ikatoka imepinda.

"Mlipaka rangi," Vidonge akasema juu ya kichwa chake.

"Tulipaka."

"Mbona hapa mmeruka?"

Kwenye ukuta ule wa rangi ya maziwa kulikuwa na kipande kidogo, ukubwa wa kiganja, kilichoachwa na rangi yake ya zamani. Katikati yake kulikuwa na alama moja tu ya penseli. Ya leo ilikuwa imeangukia karibu yake, zimepishana kidogo sana.

Kutoka kibarazani Baba akapaza sauti, "Rangi iliisha!"

"Ikaisha hapa tu?" Vidonge akauliza.

"Ndiyo, hapo hapo. Mafundi wa siku hizi!"

Vidonge akaitazama ile alama kwa muda mrefu. Spoku naye akawa anajifanya anatafuta spana. Halafu akauliza, "Ukitaka madigadi nitakufungia. Na keria je?"

"Lazima. Keria ndiyo hasa niliyoijia."

"Siku hizi unabeba dawa?"

"Nabeba mtu. Naoa, Spoku."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie kumwita kwa jina, na akalitumia kwa kazi hiyo.

"Unamwoa nani?"

"Mwalimu wa chekechea. Shule yake iko njiani kwangu. Nitakuwa namshusha asubuhi, namchukua mchana."

"Hongera."

"Asante."

"Hongera sana," Spoku akarudia, maana la kwanza lilitoka bila sauti. "Chukua hii, ukaijaribu. Zunguka mtaa mzima, pita kwenye mashimo makusudi. Usirudi haraka."

Alitaka nafasi ya kulia kidogo. Hakuipata, maana Vidonge alipotoka tu, mlangoni alisimama mama yake, mwavuli mkono mmoja, kikapu mkono mwingine.

* * *

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Nimemwambia atangulie, mimi natembea kwa hatua zangu." Akakaa kwenye benchi lile lile, akashusha pumzi. "Umekonda."

"Ndiyo maana naitwa Spoku, mama."

Mama akatabasamu kwa mbali. Alikuwa amezeeka. Miwani ilikuwa minene, na vidole vilivyoshona nguo za mtaa mzima vilikuwa vimejikunja. Spoku akamwonea huruma, na akatafuta neno la kupatana naye, maana jambo lilikwisha kupita na kinyongo cha nini tena?

"Safari hii utarudi bila taabu, mama. Nikimaliza kufunga keria atakupakia. Hutatembea tena."

"Nani? Mimi?" Mama akamtazama kama aliyetukanwa. "Juu ya baiskeli? Binti, unanitakia mauti? Mimi na baiskeli tuliachana siku marehemu mume wangu aliponimwaga mtaroni, na mimba ya huyu huyu Vidonge wenu tumboni. Niliapa. Hata ikiwa imeegeshwa mimi napita mbali. Wananiita mwoga, na waite."

Keria ilikuwa mikononi mwa Spoku. Akaiweka chini polepole.

"Hujawahi kukaa kwenye keria? Tangu wakati huo?"

"Wala sitakaa."

"Lakini... ule mto, mama."

"Mto upi?"

"Siku ile mlipokuja. Ulikuwa kwenye kikapu. Mwekundu, una kamba nne."

Mama akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akamtazama Spoku kama anatafuta uzi uliokatika.

"Nilijua uliuona."

"Niliuona."

"Ukauona, na bado ukachagua ile isiyo na keria."

"Nilidhani ni wako!"

"Wangu wa kufanyia nini?" Sauti ya mama ikapanda, halafu ikashuka yenyewe. "Nilikushonea wewe. Ulivyo mwembamba hivyo, nikasema vyuma vitamuumiza mtoto wa watu. Siku atakayokuleta nyumbani kama mke wake, uje umekaa vizuri, majirani waone. Nilikuwa nasubiri achague tu nikutolee. Mto utautoaje kabla ya keria? Mara nikakuona unautazama. Nikasema amefurahi. Na pale pale ukageuka ukasema, chukua ya mbio."

"Mama..."

"Nikajua umenikataa. Nikasema huyu anaona aibu kukaa nyuma ya mwanangu, anaona aibu na mto wa fundi cherehani. Basi."

"Mbona hukusema, mama? Neno moja tu!"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Kibarazani pampu ya Baba ilikuwa imenyamaza. Spoku akakaa sakafuni, kati ya spana na skrubu, machozi yakamtiririka bila kwikwi. Miaka yote alikuwa amejiliwaza kwamba alinyang'anywa. Kumbe alipewa, akakataa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Nimwambie?" akauliza mwisho. "Mama, akirudi sasa hivi, nimwambie?"

"Mdomo ni wako, mwanangu, sikuzibi. Na kijana wangu, nikikuficha nitakuwa mwongo, kwa miaka miwili hakuna msichana aliyeweza kutajwa mbele yake." Akashika mpini wa kikapu kwa nguvu. "Lakini huyu mchumba wake naye hana kosa. Posa imepokelewa, kwao wana furaha. Anakuja kunitungia uzi kwenye sindano kwa kuwa macho yangu yamechoka. Ukisema, utasema kweli tupu. Ujue tu ni nani atakayeanguka."

Tiki-tiki-tiki. Safari hii mlio ulikuwa mzito zaidi, wa pole. Vidonge akasimama mlangoni juu ya chotara, amekaa wima, uso umechangamka kama wa mvulana.

"Aisee! Hii ni kama kukaa kitini nyumbani! Nimepita mashimo yote, hata moja halijanitukana. Nimewaona watu, wao wameniona. Ile nyingine nilikuwa naona tairi tu." Akatazama huku na huku. "Kuna nini? Mbona kama msibani?"

"Vumbi," Spoku akasema, akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Lete nifunge keria."

Akafunga. Skrubu za juu, skrubu za chini, akazikaza mpaka spana ikagoma. Akatikisa keria kwa mikono miwili, haikucheza. Akafunga na madigadi. Alifanya kazi ile vizuri kuliko alivyowahi kuifanya kwa mteja yeyote.

"Mama, si ulisema umeleta mto?" Vidonge akauliza.

"Tutaufunga nyumbani," mama akajibu upesi.

"Nyumbani nani anajua mafundo ya baiskeli? Mwenye ufundi yuko hapa." Na kabla mama hajakizuia kikapu, mkono wa Vidonge ulikwisha kuingia, ukatoka na ule mto. Mwekundu. Rangi haikuchuja hata kidogo. "Spoku, tusaidie."

Mama akainamisha kichwa. Spoku akaupokea. Mara yake ya kwanza kuugusa. Ulikuwa mlaini, umejazwa vizuri, na mshono wake ulikuwa mdogo mdogo, wa mtu aliyeshona kwa mapenzi.

Akauweka juu ya keria. Akafunga kamba ya kwanza, akafunga ya pili. Kwenye ya tatu vidole vikakataa.

"Vidonge."

"Naam."

"Siku ile..."

Akaishia hapo. Vidonge hakutikisika. Alikuwa amemkazia Spoku macho, na ndani ya macho hayo Spoku aliona kitu kilichomtisha: aliona kwamba mlango haukufungwa. Umerudishwa tu. Neno moja lingeusukuma. Alifungua mdomo na neno lilikuwepo, limekaa tayari kwenye ulimi.

"Siku ile nini?" Vidonge akauliza, kwa sauti ndogo.

Spoku akaiona sindano, na msichana asiyemjua akiitungia uzi.

"Siku ile nilikuuzia baiskeli isiyokufaa," akasema. "Nilijua haikufai. Nisamehe."

Vidonge akatoa pumzi aliyokuwa ameishika. "Na mimi nilijua. Tangu wiki ya kwanza nilijua. Watu wakawa wananiuliza, wewe mfamasia mzima, kila siku unafika na tope mgongoni, kwa nini? Nikawa nawaambia napenda mwendo." Akaugusa usukani ule wa pembe za kondoo wa baiskeli ya mbio iliyokuwa imeegemea ukutani. "Niliipanda kwa kuwa uliichagua wewe. Ndivyo ilivyokuwa."

"Na lile neno langu la mwisho nalirudisha. Nilichelewa, lakini nalirudisha. Mama yako hakuwahi kuwa mzigo."

"Neno gani?" mama akauliza, akiinua kichwa.

"Hakuna, mama," Vidonge akasema, kisha akamgeukia Spoku. "Sikuwahi kulileta nyumbani."

Spoku akauma mdomo. Akafunga kamba ya tatu, akafunga ya nne, akavuta mafundo yote kuhakikisha. Akaubonyeza mto kwa kiganja.

"Atakaa vizuri," akasema. "Hataumia."

Mambo ya bei waliyamaliza na Baba pale kibarazani, ya zamani ikabaki dukani. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Mama alimshika Spoku mkono kwa mikono yake miwili, akaufumbata. Halafu wakaondoka, Vidonge akiisukuma baiskeli kwa mkono, amepunguza hatua zake zilingane na za mama yake, na mama akitembea upande wa pili, mbali na magurudumu, kama alivyoapa.

Safari hii Vidonge hakuwa na haraka. Walipita duka la viatu. Wakapita kwa kinyozi. Wakasimama mama apumzike, wakaendelea. Kona ilikuwa bado iko mbali, na mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba mtu angeitwa hata kwa sauti ya chini angesikia.

Baba akaja akasimama kando ya binti yake, mikono bado ina gundi ya pancha.

"Mwite basi, mwanangu," akasema taratibu. "Bado hajakata kona."

Spoku aliutazama ule mto mwekundu, mtupu, ukienda zake polepole nyuma ya Vidonge.

"Keria ina mtu, Baba," akasema, akarudi ndani kutafuta skrubu yake.